Kitabu Nilichokiacha Kwenye Foleni ya Sabuni

Wiki hii nimesoma tena kitabu changu. Sijui ni mara ya saba au ya nane. Ninasoma polepole na ninaandika polepole zaidi, kwa hiyo hadithi hii fupi imenichukua siku nyingi kuliko kitabu chenyewe.

Kinahusu nchi ya miaka ijayo, nchi mbaya, iliyotungwa ili vijana waogope. Kuna ukuta mrefu wenye lango moja. Watu wana namba badala ya majina. Chakula kinatolewa kwa kadi, na kila asubuhi watu wanapanga foleni kimya kabisa. Mwandishi ameieleza foleni hiyo kwa kurasa nne, kwa uchungu, kana kwamba amegundua ugonjwa mpya. Mimi nilizisoma kurasa hizo nikiwa kwenye foleni ya chumvi hapa Babati, miaka ile ya uhaba, na kitu pekee kilichonishangaza ni kwamba watu wake waliweza kukaa kimya.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikuchaguliwa kuendelea. Kwa hiyo nyumbani nilipewa kazi ya kudumu yenye heshima: kupanga foleni. Sikuwa msemaji. Mtu akinisukuma, niliomba radhi mimi. Mama alisema kwa tabia hiyo tutaoga kwa majivu mpaka dunia iishe.

Kitabu hakikuwa changu. Kilikuwa cha dada mmoja mpiga chapa, mtu wa mkoa mwingine, aliyepanga chumba kwetu Nakwa. Aliniazima kwa masharti: nisikunje pembe, nisilambe kidole kufungua ukurasa, na nikimaliza nirudishe, ndipo anipe cha pili, kwa maana hadithi ilikuwa na vitabu viwili. Cha kwanza, jinsi nilivyo nacho leo, kinaishia msichana wa hadithi akiwa mbele ya lango, ameinua mkono kugonga. Dada alinionya nisianzie mwisho. Nilitii. Nilibakiza sura moja, nikaitunza kama watu walivyotunza sukari ya wageni.

Kabla ya hapo, maktaba yangu ilikuwa beseni la mama muuza karanga pale stendi. Aliviringisha karatasi ikawa kama tarumbeta, akatia karanga, akakunja mdomo. Karatasi zenyewe alizitoa kwenye marundo ya magazeti ya katuni aliyoyapata mahali anapopajua mwenyewe. Katuni hizo zilikuwa za mfululizo, kuhusu askari mmoja mwenye kidevu kikubwa. Nilizisoma kwa mpangilio wa karanga. Jumatatu askari alikufa. Alhamisi alikuwa mzima na ana njaa. Jumamosi alimwoa mwanamke ambaye sijawahi kujua walikutana wapi. Sikulalamika. Hata redio ya jirani ilikuwa ikitupa habari kwa mtindo huo huo.

Sasa, foleni za Babati zilikuwa na utaratibu wake. Ikisemekana duka la ushirika litaleta sabuni, watu walipanga mawe. Jiwe lako lilikuwa wewe. Unaliweka, unakwenda shambani Singe au Mutuka kupalilia, unarudi jioni na kulikuta limesogezwa mbele pamoja na wenzake. Tatizo ni kwamba jiwe zuri, lenye umbo la figa, liliibiwa likapelekwa jikoni. Jiwe dogo lilipigwa teke. Kopo lilichukuliwa, kwa sababu makopo yalikuwa mali. Kandambili moja, hata iliyokatika, ilipata mwenyewe mpya kabla hujageuka.

Siku ya sabuni ya mche nilifika mapema, lakini nilikuwa nimesahau kuja na kibali cha balozi wa nyumba kumi. Bila karatasi hiyo yenye mhuri, muuzaji hakukuona. Ilinibidi nirudi Nakwa mbio. Nikaangalia huku na huku nikitafuta kitu cha kunishikia nafasi, ambacho mtu yeyote mwenye akili timamu wa Babati hawezi kukiiba. Nikakipata. Nilikuwa nimekishika mkononi.

Niliweka kitabu chini, kifudifudi, nikakiwekea jiwe juu. Nakumbuka nilijisifu kwa busara yangu.

Niliporudi, foleni ilikuwa imesogea, na mahali pangu palikuwepo. Jiwe lilikuwepo. Chini ya jiwe lilikuwepo jalada la kitabu, limenyooka vizuri, likiwa tupu kama ganda la yai.

"Usihofu, binti," alisema mama aliyekuwa nyuma yangu. "Nafasi yako tumeilinda. Kuna mmoja alitaka kujipenyeza, tukamtoa."

"Na karatasi za ndani?" niliuliza, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri.

"Karatasi gani? Hapo palikuwa na jiwe na kigamba. Vyote si hivyo hapo?"

Watu waaminifu sana. Nilipata sabuni yangu, mche mzima, na nikaibeba kama maiti.

Sikuhitaji polisi. Mama wa karanga alikuwa amekaa stendi kwenye kigoda chake, na kando ya beseni palikuwa na rundo jembamba la karatasi nyeupe, safi kuliko zake za kawaida.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unataka karanga?"

Nikaonyesha rundo kwa kidole.

"Ah, hizi? Nimeziokota pale kwenye mawe. Nilidhani za serikali, maana zimeandikwa sana na hazina picha hata moja." Akanitazama usoni. "Ni zako? Mbona huoni aibu kuacha mali chini? Jalada nimekuachia, lile halikunjiki."

Alikuwa ameanza kuchana kutoka nyuma, kwa kuwa kitabu kililala kifudifudi. Kwa hiyo ile sura yangu ya mwisho, niliyoitunza kama sukari ya wageni, ndiyo iliyouzwa kwanza. Zilizobaki aliahidi kunirudishia nikimmenyea karanga. Nikamenya siku tatu, kucha zikauma, na kila gunia lilipokaribia kwisha alikumbuka jingine, mpaka akaridhika akanipa.

Sura iliyouzwa niliitafuta stendi. Niliokota karatasi chini ya benchi, kwenye mtaro, na moja nikaivua kwenye mguu wa mbuzi. Zilizokuwa bado mikononi mwa watu ilibidi niziombe, mimi niliyekuwa naomba radhi nikikanyagwa. Utingo mmoja wa lori alikataa kutoa yake mpaka nimweleze kwanza.

"Huyu msichana mwenye namba," alisema, "kwa nini anakimbia? Mbona wanapewa mkate kila siku?"

"Ni mkate wa kadi," nilisema.

"Lakini upo?"

"Upo."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akamgeukia dereva wake. "Bosi, hii nchi iko upande gani? Tukishusha mahindi twende."

Kwenye foleni iliyofuata, ya chumvi, watu walishanijua. Waliokula sura yangu walitaka kujua ilianzaje. Nikaanza kusimulia nikitazama vidole vya miguu yangu, na nilipoinua macho, foleni ya Babati ilikuwa kimya kama ile ya kitabuni. Hawakuogopa hata kidogo, mwandishi anisamehe. Nilipofika penye mtu wa serikali anayekagua kama umekula zaidi ya kiasi chako, mama mmoja alicheka mpaka akashika kiuno. "Zaidi! Eti amekula zaidi!" Nilipofika penye ukuta, waliuliza umejengwa kwa saruji gani na imepatikana wapi.

Nilikuwa nimepata kurasa zote isipokuwa ule wa mwisho. Huo ulikuwa na mashahidi wawili. Wa kwanza alikuwa mzee kutoka milimani Mbulu, mwenye meno matatu, aliyenunua karanga kwa ajili ya kusoma na kumpa mjukuu zilizomo. Ukurasa aliusoma, kisha akausokotea tumbaku.

"Lango lilifunguliwa," alisema. "Akaingia."

Wa pili alikuwa utingo, aliyekuwa akichungulia begani kwa mzee. "Hapana, mzee. Aligonga, halafu akageuka arudi kwao."

"Wewe ulisoma moshi. Mimi nilisoma karatasi."

Foleni ikagawanyika. Nusu ilikuwa ya mzee, nusu ya utingo, na wote walinitazama mimi, mwenye kitabu. Nikasema nitamuuliza mwenyewe halisi. Kusema kweli, ilikuwa rahisi zaidi kumeza jiwe la foleni.

Nilikishona kitabu kwa uzi wa gunia na kukirudishia jalada. Kilikuwa kimenenepa, kina mafuta na chumvi, na kilinuka chakula. Nilimkuta dada mpiga chapa akifunga sanduku lake la bati. Amepata uhamisho, na lori la kumchukua limeshasimama nje. Alikifungua katikati. Ganda la karanga likaanguka kwenye sketi yake.

Hakugomba. Afadhali angegomba.

"Baki nacho," alisema. "Mimi sina karanga za kuweka humo."

Kitabu cha pili nilikiona kwa macho yangu, juu ya nguo, kisafi, pembe zake zote nne zimenyooka. Alikifunika kwa kanga. Akashusha kifuniko cha sanduku, na nikajua kitasa kikilia tu, sitaujua mwisho huo maisha yangu yote.

"Dada," nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. "Lango lilifunguliwa?"

Akashangaa. Nadhani hakujua kama nina sauti.

"Lilifunguliwa."

"Na ndani kulikuwa na nini?"

Akapiga kitasa, akabeba sanduku upande mmoja na mimi nikabeba upande wa pili mpaka kwenye lori. Alipokwisha kupanda alinijibu, kama mtu anayemwonea mwenzake huruma.

"Foleni."

Siku hiyo hiyo nilikwenda dukani, ambako kulikuwa na tetesi ya mafuta ya taa na mawe yameshapangwa. Niliwaambia wote, bila kutazama vidole vyangu. Mzee alimcheka utingo, utingo akasema hata hivyo angerudi kwao. Kisha mzee akatoa tumbaku mdomoni.

"Foleni ya nini?"

Sikuwa nimeuliza.

Watu walinitazama kwa masikitiko, wakageuka mbele. Siku hizi maduka ya Babati yana sabuni hadi za kunukia, na kitabu bado ninacho, kimeshonwa pamoja na vipande vya yule askari wa kidevu. Lakini mzee huyo nikikutana naye njiani na kumpa shikamoo, haitikii marahaba mpaka kwanza aulize kama nimepata habari ya ile foleni.