Viatu vya Misa

Kila nikifungua kopo la rangi ya viatu, ile harufu hunirudisha kwenye ngazi za bweni, shule ya masista hapa Jinja. Jumamosi moja tulikaa pale kung'arisha viatu vya misa.

Kesho yake ilikuwa siku ya wazazi. Baba, askari magereza kule Mbale, angekuwa zamu, kwa hiyo alikuja Jumamosi hiyo hiyo, akiwa amevaa sare zake. Wenzangu walikuwa wakikicheka Kiswahili, lugha aliyoizungumza Baba, eti lugha ya wanajeshi. Nikajificha nyuma yao. Aliniona, halafu akatazama kando. Sista alipomuuliza amekuja kwa nani, alisema atapumzika kwanza.

Akaketi ngazini, akaomba kitambaa na maji. Alidondosha tone moja juu ya rangi, akasugua taratibu mpaka ngozi ikawa kioo. Wasichana wakapanga foleni.

"Afande, na vyangu."

Aling'arisha vya wote. Alipoanza kukunja kitambaa, nilivua vyangu, nikaviweka mbele yake.

"Baba, na hivi."

"Lete," akasema. "Rangi nilikubakizia."