Mjapani Aliyepiga Magoti

Nina hasira na mtu aliyekufa kabla mama yangu hajazaliwa. Alikuwa Mjapani, ofisa wa jeshi la majini, na sijawahi kuona hata picha yake. Watu wakinisikia nikisema hivi hucheka, wakadhani natania. Sitanii. Kisa cha mtu yule kilisimuliwa sebuleni kwangu, Azaiba, hapa Maskati, tukila chakula nilichokipika mwenyewe, na tangu siku ile mume wangu hakuwa tena yule niliyeolewa naye.

Tulioana mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mie nilikuwa nasomesha skuli ya wasichana, yeye alikuwa ofisa kijana wa jeshi la majini, upande wa mitambo. Kazi yake ilikuwa chini kabisa ya meli, kwenye injini, mahali ambapo mtu hajui nje kama ni mchana au usiku. Alirudi nyumbani na harufu ya dizeli ambayo sabuni haikuitoa, na mimi niliizoea hadi nikawa naitafuta kwenye mito akisafiri. Alikuwa na masikio ya ajabu. Tukisimama kwenye taa za barabarani angetega sikio kwa gari la jirani, akatikisa kichwa na kusema mwenye gari hafiki nalo mbali. Kazi ile aliipenda kama wengine wanavyopenda mpira.

Kwao lakini hawakuipenda. Ukoo wake ni watu wa upanga. Babu zao walikuwa wakitembea na panga mbele ya masheikh huko bara ya Omani, kisha wakahamia Tabora kwa biashara, na waliorudi huku ni wajukuu wao. Biashara iliwalisha karne nzima, lakini waulize wao ni nani, watakwambia upanga. Baba yake mume wangu alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na ami yake, kaka mkubwa wa baba, ambaye ndiye aliyekuwa na sauti ya mwisho katika ukoo mzima. Ami huyo alikuwa na nyumba kubwa Al Khoudh, yenye majlisi, ukumbi wa wanaume, iliyojaa wageni kila Ijumaa.

Mume wangu alipoingia jeshini, ami alifurahi kupita kiasi. Alimwona kichwani mwake amesimama juu na darubini, anatoa amri. Aliposikia kijana amechagua injini, hakumgombeza. Aliacha tu kumwita mwanangu. Akaanza kumwita fundi. "Huyu fundi wetu," aliwaambia wageni, na wageni walicheka kwa adabu. Siku za Idi mume wangu alikaa karibu na mlango, pale watu wanapovulia viatu, wakati mtoto wa ami wa kumzaa mwenyewe, muuza matairi wa Hamriya ambaye hajawahi kutumikia mtu wala nchi, alikaa ubavuni mwa baba yake na khanjari kiunoni. Nilikuwa nikiyaona hayo kupitia mlango wa upande wa wanawake. Tukirudi garini nilikuwa nikimlalamikia. Yeye alikuwa akisema, "Mzee huyo, mwache."

Katikati ya miaka ile ya tisini, meli yao ikiwa baharini, bomba la mafuta lilipasuka na moto ukashika chumba cha injini. Haikuwa kosa la mtu, vyuma huchoka. Mume wangu alirudi ndani kuifunga koki ya mafuta, akaifunga kwa mikono, na koki yenyewe ilikuwa ya moto kama chuma cha mhunzi. Meli ilisalimika, na watu wote waliokuwamo. Nilipofika hospitali mikono yake ilikuwa imefungwa bandeji hadi kwenye viwiko, na alikuwa akiniomba radhi kwa kunitia khofu.

Ami alikuja siku ya pili, na fimbo yake na kilemba kilichopangwa vizuri. Alisimama miguuni pa kitanda. Hakukaa. Aliitazama ile mikono, akasema kwa sauti ya mtu anayesikitika kweli, "Ndiyo mwisho wa kazi za watumwa."

Bibi yangu mzaa baba alikuwa Mmanyema, kutoka bara ya Kongo. Nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa akitaja alifikaje Unguja, lakini sote tulijua.

"Ami," nikamwambia, "bibi yangu alikuwa mtumwa. Ndiye aliyemlea baba yangu. Ukitaka kumtaja mbele yangu, mtaje kwa adabu."

Aligeuza fimbo yake, akatoka. Mume wangu alifumba macho. Baadaye aliniomba niende nikamtake radhi mzee, nikamwambia sitakwenda, na hilo lilikuwa neno langu la mwisho. Tangu hapo alikwenda Al Khoudh peke yake. Mikono ilipona ikiwa na makovu meupe, vidole viwili havikunyooka tena vizuri, na mara tu daktari alipomruhusu alirudi kwenye injini zake.

Miaka michache baadaye meli ya mafunzo ya Kijapani ilitia nanga Maskati. Wenyeji walipangiwa wageni wao, injinia kwa injinia, na mume wangu akapewa mkuu wa mitambo wa meli ile, mtu mwembamba wa makamo mwenye miwani. Wawili hao walipatana tangu saa ya kwanza. Hata alituomba ruhusa aje kutusalimia nyumbani. Nilipika pilau na samaki wa kupaka. Mgeni alikuja na boksi la vitamutamu lililofungwa kwa kitambaa kizuri kuliko mtandio wangu, akakaa chini kwenye zulia kwa starehe kuliko sisi wenyewe. Tulizungumza Kiingereza.

Aliona makovu ya mume wangu, akauliza, akaelezwa. Ndipo akatuhadithia habari za babu wa baba yake.

Huyo babu alizaliwa samurai, katika watu waliokuwa wakivaa panga mbili kiunoni na kumtumikia bwana wao, na ambao hawakushika kazi nyingine ya mikono. Bwana wa jimbo lao alinunua meli ya moshi, akataka vijana wa kujifunza kuiendesha. Vijana wa panga wote walikimbilia juu, kwenye mizinga na usukani. Huyu alishuka chini kwenye joko la makaa akapenda alichokiona. Mabwana wa majimbo walipoondolewa na nchi kuwa moja, meli ile ikachukuliwa na jeshi jipya la mfalme, naye akachukuliwa pamoja nayo. Alikata shungi lake la nywele. Aliziweka panga mbele ya baba yake, akampa mgongo akaenda Uingereza kusoma mitambo. Baba yake alimfuta katika familia.

Aliporudi alikuwa anajua injini kuliko walimu wake, lakini hata jeshini maofisa wa juu waliwaona mainjinia kama watu wa daraja ya chini. Wale walikuwa na meza yao, na mainjinia na yao. Alipigana vita na Uchina bila ya kuiona meli moja ya adui. Alikuwa chini, makaa mpaka kwenye kope, akiijua vita kwa mishindo tu, na kwa namna meli ilivyoinama. Alipanda cheo polepole. Akapewa nishani.

Mpaka hapo nilikuwa nampenda mtu yule. Nilimtazama mume wangu nikaona naye anasikiliza kama mtoto.

Kisha mgeni akaendelea. Baada ya vita, babu yule alisafiri mpaka kijijini kwa baba yake, nishani akizificha mfukoni, akapiga magoti uani kwenye theluji. Alikaa hapo tangu asubuhi hadi jioni. Baba yake alipofungua mlango, alimwamuru avue nguo za jeshi, avae kanzu ya kienyeji, akae mwisho wa chumba, chini ya wadogo zake. Akatii. Akaomba radhi kwa miaka yote.

"Hilo ndilo jambo tunalojivunia kuliko nishani," mgeni akasema.

Nikamuuliza, "Na mkewe alisema nini?"

Aliitua sahani yake. Nadhani hakuwahi kuulizwa. "Hatujui," akasema. "Hatukuhadithiwa."

Idi ilipofika mume wangu aliniomba twende sote Al Khoudh. Nilidhani amechoka kwenda peke yake, nikamhurumia, nikavaa.

Nilikaa na wanawake, karibu na ule mlango. Nilimwona akiingia majlisini, akipita pale penye viatu, mahali pake pa kawaida, akienda moja kwa moja mbele. Alibusu mkono wa ami. Kisha akapiga magoti. Mbele ya wageni, mbele ya muuza matairi, akaweka mikono ile yenye makovu juu ya zulia. Alisema, "Ami, nnakuomba radhi kwa yote. Nilikuvunjia heshima." Na mzee akamwacha pale pale. Alimaliza kahawa yake, akamwambia mhudumu amwongeze, akazungumza na jirani yake habari za mvua za Nizwa, na mume wangu yumo magotini. Nilisimama. Mke wa ami akanishika mkono, akanibana. Mwishowe mzee akasema, "Toka huko chini ya meli, uwe mtu. Ukitoka, wewe ni mwanangu."

Mume wangu akasema, "Inshaallah, ami."

Garini nilimpigia kelele njia nzima. Nilimwambia mikono ile si yake peke yake, kwamba mimi ndiye niliyemlisha na kuiosha kwa miezi, na hakuwa na ruhusa yangu kuilaza miguuni mwa mtu aliyeiita ya mtumwa. Yeye aliendesha polepole kama mtu aliyebeba mayai.

Aliomba kazi ya nchi kavu, akapewa. Ilikuwa ofisi safi yenye kiyoyozi, na makaratasi ya vipuri. Kwa ami akahamishiwa ubavuni mwa mzee, na wageni wakaacha kucheka. Watu waliniambia nishukuru Mungu, mume yuko nyumbani kila jioni. Alikuwa nyumbani kweli. Alikaa mbele ya televisheni akiwa na mikono mapajani. Gari letu likilia vibaya alilipeleka gereji, na mafundi wakamwibia, naye anajua kuwa wanamwibia. Hakutega sikio tena kwenye taa. Binti yetu mkubwa, alipokuwa mdogo, alizoea kumletea vitu vilivyovunjika, akaacha kumletea.

Ami alifariki mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Mume wangu alipokea mikono ya rambirambi pamoja na watoto wa marehemu, na baada ya muda si mrefu akastaafu kabla ya wakati wake. Nilidhani sasa atarudi. Hakurudi.

Mwaka wa kile kimbunga kikubwa kilichoipiga Omani, maji yalipita barabarani kwetu kama mto, na yalipoondoka hatukuwa na umeme wala maji. Pampu ya tangi la mtaa ilijaa matope. Majirani walisimama wakiitazama. Mume wangu alitoka na kikoi na fulana, akapiga magoti kwenye matope, akaifungua yote. Nilimwona kutoka dirishani akiiwekea sikio. Alipoiwasha ikashika, uso wake ulikuwa ule wa kijana niliyeolewa naye.

Wengine wangefurahi. Mimi nilikasirika hata nikashindwa kumpa maji ya kunawa. Alipoingia jikoni, grisi mpaka viwikoni, nikamuuliza kitu nilichokuwa nimekibeba miaka yote ile. Nilimuuliza kwa nini. Ami alikuwa amemdharau maisha yake yote, na meli nzima ilikuwa ikimheshimu, kwa nini aliziacha injini kwa ajili yake?

"Nilichoka kuwa peke yangu," akasema.

"Na mimi nilikuwa nani?"

Niliona usoni mwake kwamba swali lenyewe halikuwahi kumjia. Nikamfungulia bomba. Maji ya pampu yake yalikuwa yanatoka na mchanga kidogo. Sijamsamehe bado, na wala sijalala chumba kingine hata siku moja.