Mzinga Juu ya Mpera

Mama mkubwa akitoka kwenda sokoni hufunga geti kwa kufuli upande wa nje. Hafanyi hivyo kwa ukatili. Babu, ambaye ni baba yake, amepoteza kumbukumbu, na akikuta geti wazi huondoka kwenda porini kurina asali kama alivyofanya ujana wake wote. Mara ya mwisho watu walimkuta njia ya Urambo, hana viatu. Basi tangu nimalize darasa la saba nafungiwa pamoja naye, hapa Cheyo, ndani ya ukuta uliopandwa vipande vya chupa.

Mama mkubwa aliniahidi kitu kimoja. Babu akitulia, jirani yetu atakuwa anakuja kushinda naye, na mimi nitakwenda katikati ya mji kujifunza cherehani. Nilikuwa naiwaza cherehani hiyo kila nikishika ufagio.

Uwanja wetu hufagiwa mpaka udongo ung'ae. Likibaki jani, mama mkubwa huuliza kama nafuga nyoka. Siku moja nilichoka, nikaiacha kona yenye mpera. Nikaweka pale kigae cha maji. Tetere wakashuka, kisha chiriku. Babu, aliyekuwa akitikisa geti, aliacha, akavuta kigoda akakaa kuwatazama. Nikazidi kuyaacha majani, na magugu yakaota. Yalipotoa maua, babu akasema, "Maua yote haya, mzinga uko wapi?"

Mzinga wake wa gogo ulikuwa nyuma ya jiko, tukianikia vyombo juu yake. Alinionyesha namna ya kuyeyusha nta kuukuu na kuipaka ndani ili nyuki wasikie harufu. Jina langu alikuwa amelisahau, lakini mikono yake haikusahau kitu. Tukaufunga juu ya mpera. Mimi nilidhani namchezesha tu mzee. Nyuki watoke wapi, na mji wote huu?

Wakaja. Jua lilikuwa kali, uvumo ukapita juu ya chupa za ukuta, kundi zima likaingia mzingani. Babu akavua kofia yake.

Tangu hapo hakugusa geti tena.

"Nyuki! Uwanjani kwangu!" mama mkubwa alifoka alipowaona. "Nakimbiza nyoka, wewe unanikaribishia nyuki?"

"Punguza sauti," babu akamwambia. "Wageni wanasikia."

Mama mkubwa akacheka bila kupenda. Alimtazama baba yake alivyotulia, akaniambia, "Haya. Jirani aje kesho." Usiku ule nilikosa usingizi kwa furaha.

Jirani alikuja asubuhi.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mzee kaamkaje?" Mguu mmoja ulikuwa umeshaingia ndani. Ndipo akausikia uvumo. "Nini kile?"

"Nyuki wa baba," mama mkubwa akajibu. "Hawaumi ukiwaacha."

"Wamekuambia wao? Dada, mzee tulikubaliana. Nyuki hatukukubaliana." Akautoa ule mguu.

Mama mkubwa akanigeukia. "Jioni nawasha moto chini ya mpera, wahame, wewe uende kwenye cherehani yako. Au wabaki. Sema."

Nilimtazama babu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, sikio limeelekea mzingani, akiwasemesha kwa Kinyamwezi, taratibu, kama mtu aliyefika kwake. Nyuki wakihama atarudi kutikisa geti, na jirani hataweza kumshika. Nitaitwa tena. Kwa upande wowote, nilikuwa ndani.

"Wabaki," nikasema.

Mama mkubwa akachukua kapu lake. Nikasikia kufuli likifungwa.

Babu akaniangalia. "Wewe binti wa nani?"

"Wa hapa hapa, babu."

"Basi lete maji. Kigae kimekauka, nao wana kiu."

Nikaenda kuchota.