Bembea za Jumapili, kwa Tiketi za Zamani

Kabla ya vita, mfanyabiashara mmoja alivusha bembea za kuzunguka kutoka ng'ambo ya ziwa, akazisimamisha mjini kwetu Baraka, karibu na ufuko. Tiketi yake ilikuwa na miraba minne. Kila ulipopanda, mtu wa mlangoni alitoboa mmoja. Vita vilipotufanya tukimbilie kijiji cha Lubondja, mdogo wangu wa kike alikimbia na tiketi yenye miraba miwili mizima.

Sisi tulirudi, mwenye bembea hakurudi. Vyuma vilishika kutu, mbuzi wakalala chini yake. Kisha Ijumaa moja askari walioshika mji msimu ule walipita na megafoni: Jumapili baada ya misa bembea zitazunguka, na tiketi za zamani zinakubaliwa.

Chuo nilikosoma kilikuwa kimefungwa, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kuuliza. Mafuta ya jenereta yametoka wapi, ikiwa hospitali inazalisha akina mama kwa kibatari? Na watu hawa wameanza lini kujali furaha yetu?

"Weye na maswali yako!" alisema mama. "Bakijua muko na tiketi na hamukuenda, batauliza sababu. Peleka mudogo wako."

Hakukosea, kwa hesabu ya wakati ule. Megafoni ndiyo iliyotuita salongo, kazi ya lazima ya kufyeka barabara, na asiyetokea alifuatwa nyumbani. Vizuizini nako tulijifunza kwamba mwenye karatasi, karatasi yoyote, ana nafuu kuliko asiye nayo. Tiketi ile ilionyesha kwamba wewe ni wa hapa tangu zamani. Jumapili niliona vijana wameibandika kifuani kwa pini, kama kinga.

Uwanja ulizungushiwa ua wa matete. Mlangoni mzee mmoja alirudishwa, tiketi mkononi. "Muzee, hii iko ya vijana." Watu wakacheka, na yeye pia akacheka.

Foleni ilisogea haraka mno. Askari aliyepokea tiketi hakuwa na kitobolea. Alizitupa zote katika gunia.

"Afande, leo hamutoboi?" niliuliza.

"Apana."

"Na mutu mwenye alibakisha zamu mbili?"

Alinitazama kwa mara ya kwanza. "Moja itatosha."

Nikaanza kuwaangalia walioshuka. Walitokea upande wa pili, kwenye mwanya wa ua, na hakuna hata mmoja aliyerudi kutusimulia alivyoona ziwa kutoka juu. Nyuma ya matete lori lilikuwa linanguruma, limesimama.

Nilimshika mdogo wangu mkono. "Anataka kutapika," nilimwambia askari, naye akatupisha akicheka.

"Mi sitapiki! Yaya, niache!" Alikuwa analia kwa hasira, mimi mkubwa wake nikimvuta. Mbele yetu alisimama jirani yetu, rafiki yangu tangu shule ya msingi, aliyekuja bila tiketi akitumaini kubahatisha. Mdogo wangu akamrushia yake.

"Prof," rafiki yangu alisema huku akiidaka, "hata bembea unaifanyia mutihani?"

Nilimsogelea sikioni. "Toka. Tuende sasa hivi."

"Université ilikuharibia kichwa. Nirudi nyumbani nifanye nini?"

Tulijificha katika shamba la muhogo juu ya barabara. Nilimwona rafiki yangu akipanda hewani, amefungua mikono, anapiga kelele jina la mtaa wetu. Mdogo wangu hakutaka kutazama. Kisha jenereta ikazimwa, na katika ukimya ule tukasikia malori, si moja, yakielekea milimani, njia ya Minembwe, ambako vita vilihitaji mabega ya kubeba masanduku ya risasi.

Jioni mama wa rafiki yangu alisimama mlangoni kwetu, kitenge chake cha misa bado mwilini, akauliza kama bembea zilikuwa bado zinazunguka. Mdogo wangu aliingia ndani. Mama yetu akanitazama mimi.

Nikamletea jirani kiti.