Mbio za Kimataifa Zilipobisha Hodi Boito

Niliondoka nyumbani Ahero asubuhi moja ya Alhamisi kwa sababu nilikuwa nimeombwa niende nikaseme ndiyo.

Mimi ni mwalimu wa michezo, na kwa miaka mingi nimekuwa mwamuzi wa riadha: nasimama kwenye mstari wa mwisho na saa mkononi. Kulikuwa na kamati iliyotaka kuleta mbio za nyika za kimataifa katika vilima vya majani chai, kule Boito, upande wa Konoin. Mkutano wa kusikiliza maoni ya wananchi ulikuwa ufanyike Ijumaa. Mwenyekiti wa kamati alinipigia simu mwenyewe. “Mwalimu Atieno,” aliniambia, “wewe ni mtoto wa kule. Watu watakusikiliza. Tuunge mkono, na siku ya mbio wewe ndiwe utakuwa mwamuzi mkuu.”

Hakukosea kuniita mtoto wa kule. Baba yangu alitoka ziwani akiwa kijana akaenda kuchuma majani katika shamba kubwa karibu na Kericho, nami nikazaliwa huko, kwenye nyumba za wafanyakazi. Nilijifunza Kipsigis uwanjani kabla sijajua kukiandika Kiswahili vizuri. Hivyo simu ile ilinifurahisha kuliko ninavyoweza kueleza. Mbio za kimataifa, tena kwetu! Nikampigia Chelang'at, rafiki yangu tangu darasa la kwanza, ambaye ameolewa Boito na ana shamba la majani.

“Njoo, dada,” akasema. “Kitanda kipo na maziwa yapo. Lakini ujue mapema, mimi niko upande ule mwingine.”

Kutoka Ahero nilipata lifti kwa jirani yangu, Baba Akinyi, ambaye hupeleka samaki Kericho kwa pikapu yake. Mashamba ya mpunga yalikuwa yamejaa maji na ndege weupe. Tulipopita Awasi barabara ikaanza kupanda, na nikaanza kumweleza habari za mbio. Alisikiliza bila kunikatiza hadi nilipomaliza.

“Ni jambo zuri,” akasema. “Lakini mwalimu, hawa watu wa kamati, nani aliwachagua?”

Nikamwambia sijui, ila naamini walichaguliwa mahali fulani.

“Mahali fulani,” akarudia, akacheka kidogo. “Hapo ndipo mambo yetu mengi huchaguliwa.”

Nilimwona kama mtu aliyezoea kulalamika. Nikageuza uso dirishani.

Kapsoit ndipo hewa hubadilika. Joto la ziwani linakuacha ghafla, unatafuta sweta, na kabla hujaivaa vizuri michai imekwisha kukuzunguka pande zote. Nimesafiri sana kwa kazi hii ya riadha. Nimeona miji ambayo watu hulipa ili waitazame. Bado sijaona rangi ya kijani inayoweza kusimama karibu na ile ya Kericho baada ya mvua.

Kericho nilimshukuru Baba Akinyi, nikanunua mkate na sukari ya kupeleka kwa mwenyeji wangu, kisha nikachukua gari la kuelekea Litein. Tulipita shamba alilofanya kazi baba. Zamani ungeona vichwa vya wachumaji vikitokeza juu ya michai, na vikapu mgongoni. Siku hiyo niliona mashine moja ikinguruma na watu wachache wakiifuata. Nyumba za wafanyakazi bado zilikuwepo, zimepakwa chokaa. Nilijikuta nimeketi wima kitini, kama mtu anayepita mbele ya wazazi wake.

Alasiri nilifika Boito. Chelang'at alikuwa akinisubiri kituoni, kanga kiunoni, buti za mpira miguuni.

“Chamgei, nyar nam!” alipaza sauti, akichanganya salamu ya kwao na jina la utani alilonipa utotoni, binti wa ziwani.

“Chamgei mising!” nikajibu, tukakumbatiana mpaka mwenye duka akatutania.

Tulikunywa mursik, maziwa mala ya kwenye kibuyu, tukala viazi, tukaulizana habari za watoto. Habari ya mbio hakuigusa. Jua lilipoanza kupoa akaniambia, “Vaa buti za mzee wangu, nikuonyeshe kitu.”

Tulishuka kwa njia nyembamba kati ya mashamba, njia ambayo wakimbiaji wa pale huitumia kila asubuhi. Udongo wake ni mwekundu, umeshindiliwa na miguu mpaka ukawa laini kama sakafu. Chini kuna kijito, kisha kilima kikali kinachopanda hadi shule ya msingi. Nilikitazama kwa jicho la kazi yangu na moyo ukaruka.

Ndipo nikaona vigingi. Vilikuwa vya mbao, vimepakwa rangi nyekundu kichwani, vimepigwa katikati ya michai ya Chelang'at, vikaendelea hadi shamba la jirani yake na kukata uwanja wa shule.

“Hapa ni barabara ya magari ya wageni wakubwa,” akasema. “Pale uwanjani ni jukwaa lao. Hiki kipande changu chote kinaenda.”

“Lakini mkutano ni kesho,” nikasema.

“Ndiyo. Mkutano ni kesho. Hivi vilikuja wiki iliyopita.”

Jirani alikuwa bibi mjane ambaye kila mtu humwita Kogo, yaani nyanya. Alikuwa akifunga ndama wake. Nikamsalimia, nikamuuliza anaonaje habari ya mbio.

“Mimi napenda hao watoto wa kukimbia,” akasema. “Wanapita hapa kila siku. Mmoja aliniangushia mkebe wa maziwa, akaenda, akafikiria, akarudi kuniomba msamaha. Sasa hawa wa vigingi hawakubisha hata hodi. Nilikuwa kanisani. Nikarudi, nikapata shamba limepigwa misumari.”

Nilikuwa nimekuja na hotuba kichwani, na kila neno lake lilikuwa la sifa.

Ijumaa asubuhi uwanja wa shule ulijaa mapema. Kulikuwa na mahema mawili, moja la wageni na moja la wazee na kina mama wenye watoto wachanga. Sisi wengine tulikaa kwenye nyasi. Mwenyekiti aliwasili na wenzake, akanishika mkono kwa furaha, akaniketisha karibu naye. Kwenye meza waliweka picha kubwa ya jukwaa jinsi litakavyokuwa: paa la kupinda, viti vya bluu, bendera. Lilipendeza, sitasema uongo.

Mwenyekiti alizungumza vizuri. Alisema dunia nzima itaiona Boito. Vijana wakapiga makofi, na wa kwanza kusimama alikuwa Kiprotich, mwenye duka la simu pale kituoni.

“Mimi nataka hizi mbio,” akasema. “Watu wetu wanaenda kushinda kwa wenyewe kila mwaka. Kwa nini wenyewe wasikuje hapa watuone nyumbani? Biashara itaamka. Tusikuwe watu wa kukataa kila kitu.”

Alishangiliwa, na kwa haki. Kisha Chelang'at akainuka.

“Kiprotich, hata mimi nataka. Mbio ni yetu, hakuna mtu anatufundisha. Lakini nauliza kamati. Hii jukwaa, wageni wakienda, nani atabaki na ufunguo? Nani atalipa kuitengeneza ikivuja? Gharama yote ni ngapi, na tutaiona wapi ikisomwa? Na nyinyi, mlichaguliwa na nani?”

Mwenyekiti alitabasamu. “Mama, mambo ya gharama waachie wataalamu. Wewe tuandalie mursik ya wageni.”

Alidhani watacheka. Kina mama wakatazamana. Akageuka upesi akaniita. “Sasa mtasikia kutoka kwa mtoto wenu, mwamuzi wa kimataifa.”

Nilisimama. Mbele yangu nilimwona Chelang'at ameshika mikono yake miwili pamoja. Hakunifanyia ishara yoyote, na hilo ndilo lililonigusa. Aliniachia uamuzi wangu.

“Ndugu zangu,” nikaanza kwa Kipsigis, na watu wakapiga vigelegele, kisha nikaendelea kwa Kiswahili ili wageni wasikie. “Nilikuja hapa kusema ndiyo. Kwa mbio, bado nasema ndiyo. Lakini nimewahi kufanya kazi katika viwanja vilivyojengwa kwa ajili ya siku chache za sherehe. Nimerudi baadaye nikakuta geti limefungwa kwa mnyororo, na watoto wa jirani wanafanya mazoezi nje, kando ya barabara. Na jana nimetembea shamba la Kogo nimeona vigingi. Mwenyekiti, mkutano huu ni wa kutuuliza au wa kutuarifu?”

“Vile ni vya muda tu,” akasema bila kunitazama.

“Kama ni vya muda,” nikasema, “basi tunaweza kuving'oa leo, halafu tuzungumze.”

Kelele iliyopanda pale nadhani ilisikika hadi ng'ambo ya kijito. Mwenyekiti alisema kwa sauti ya chini kwamba nimemwangusha. Nikamjibu kwamba naelewa, na kweli nilielewa nilichokuwa nimepoteza.

Aliyetuokoa na mabishano alikuwa mgeni mmoja mkimya aliyekuwa ameketi mwisho wa meza: Bwana Mugisha, Mganda, mkaguzi wa njia za mbio. Alikuwa ameletwa kuhakikisha njia inafaa. Aliomba ruhusa ya kuuliza jambo moja. “Hawa vijana wenu hukimbia wapi kila siku?”

Watu wengi wakanyoosha mkono upande mmoja.

“Basi nipelekeni huko.”

Tukaondoka uwanjani, mkutano mzima: wazee, kina mama, walimu, Kiprotich, Kogo na fimbo yake. Manyunyu yalikuwa yakianguka. Chelang'at aliongoza, akimweleza mgeni kila kona ni ya nani na familia ipi imekubali njia ipanuliwe kidogo kandokando bila kugusa michai. Walikuwa wamezungumza hayo wao kwa wao, nyumba kwa nyumba, kabla kamati haijafika. Mimi sikuwa nikijua. Bwana Mugisha aliinama akasugua udongo kwa vidole, akapima upana kwa utepe wake, akauliza maji ya mvua hupita wapi. Kila swali lilipata mtu wa kulijibu.

Kwenye kilima baada ya kijito wakimbiaji kadhaa, wasichana na wavulana, walivua masweta wakapanda kwa kasi kumwonyesha. Walipita mbele yetu kama upepo, matope yakiruka. Mgeni alijaribu kuwafuata akaishia nusu, mikono magotini, akihema na kucheka.

“Hapa,” akasema alipopata pumzi, “hapa ndipo bingwa atajulikana. Mbio za nyika hazihitaji barabara ya magari. Zinahitaji hiki.” Akapiga udongo kwa mguu.

Wakati wa kurudi, vigingi viling'olewa. Hakuna aliyetukana, hakuna aliyerusha jiwe. Wenye mashamba walivileta wenyewe, wakavipanga vizuri kando ya gari la kamati, kama mtu anayemrudishia mwenzake kitu alichosahau. Kisha msimamo ukasemwa waziwazi mbele ya wote: mbio karibu, jukwaa hapana, wenyeji wawe na viti katika kamati, matumizi yasomwe kwenye baraza, si kwenye hoteli. Kiprotich ndiye aliyeusoma kwa sauti, maana sauti yake ilikuwa kubwa. Mwenyekiti alisema hawezi kuahidi chochote, akaondoka.

Jumamosi Chelang'at alinisindikiza kituoni akiwa amenibebea mfuko wa viazi na kabichi.

“Nimekuharibia kazi yako,” akasema.

“Wewe uliuliza tu,” nikamwambia. “Niliyezungumza ni mimi.”

Gari lilipokuwa likiteremka kutoka Kericho kuelekea tambarare, nilifikiria jinsi watu hudhani kwamba anayeuliza habari za gharama na uongozi haipendi nchi yake. Pale Boito niliwaona walioipenda zaidi ndio waliouliza zaidi. Hawakuogopa dunia kuja kwao. Walitaka tu ije kwa mlango.

Wiki kadhaa baadaye Chelang'at alipiga simu, akizungumza kwa haraka mpaka nikamwomba apumue. Mbio zitakuja. Zitapita kwenye njia za wakimbiaji, kijito na kilima vimo, na jukwaa limeondolewa. Wenyeji wamepewa viti viwili katika kamati, si vyote walivyoomba, na kimoja ni chake. Habari ya kusoma matumizi kwenye baraza bado wanaipigania. Kisha sauti yake ikashuka. Mwamuzi mkuu amechaguliwa mtu mwingine.

“Samahani, dada.”

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, ingawa iliniuma, na bado inaniuma kidogo. Lakini kuna jambo ambalo wasio waamuzi hawalijui. Mwamuzi haruhusiwi kushangilia. Miaka yangu yote nimewaona watoto wa vilima vile wakimaliza mbele ya macho yangu, nami nimesimama kimya, uso mkavu, natazama saa. Siku ya mbio nitasimama pale kilimani kati ya Chelang'at na Kogo, mikono mitupu, na nitapiga kelele mpaka sauti inikauke.