Chupa za Kongosho na Mtungi wa Kuazima

Siku yangu ya kwanza kazini nilijimwagia mkojo wa mtu. Ilikuwa maabara ya hospitali, Korogwe, chumba chenye dirisha moja na meza ya saruji, nami nilikuwa nimetoka chuoni na koti jeupe nililolipiga pasi mara mbili. Niliagizwa kupima sukari. Siku zile tulitia dawa ya buluu ndani ya neli ya kioo, tukadondosha matone manane ya mkojo, tukachemsha juu ya taa ya spiriti. Ikibaki buluu, hakuna sukari. Ikigeuka kijani, ipo kidogo; ikienda njano, kisha chungwa, hadi rangi ya tofali, mgonjwa ana shida. Mimi nilielekeza mdomo wa neli kwangu, mkojo ukaruka wote ukatua kwenye lile koti.

Fundi Sanifu Mkuu, bosi wangu, alikuwa Mshambaa mfupi asiyecheka ovyo. Alinipa kitambaa.

"Sasa umebatizwa," akasema. "Rudia."

Nikarudia, nikapata buluu safi, nikapiga makofi. Akanisogezea daftari.

"Binti, rangi usiipende wala usiichukie. Iandike."

Nilidhani uzee ndio uliomfanya awe mkavu hivyo. Ilinichukua miaka mingi kumwelewa, na ada ya somo lile nusura ilipwe na mtoto wa watu.

Baada ya Korogwe nilihamishiwa Hale, kisha miaka ya ruksa, soko lilipofunguliwa, nikapelekwa upande wa Handeni, kwenye kituo kidogo cha afya mbugani ambacho jina lake naliacha. Huko mtu wa maabara alipima malaria, akagawa dawa, akafagia, na wagonjwa wakamwita daktari mpaka akachoka kukanusha. Siku moja kila mwezi ilikuwa ya wagonjwa wa kisukari. Walikuwa wachache, wote tukijuana kwa majina na kwa maradhi.

Mdogo kuliko wote alikuwa Naserian, binti wa Mzee Lemburis, mfugaji aliyekuwa na boma mwendo wa nusu siku kutoka kituoni. Kongosho lake lilikuwa limekufa ganzi. Kongosho ni kile kiungo kilichojificha nyuma ya mfuko wa chakula. Ndicho kinachotengeneza insulini, na insulini ndiyo inayoifanya sukari itumike mwilini. Likigoma kabisa kama lilivyogoma la Naserian, mtu hawezi kuishi bila sindano. Tulimpa insulini, baba yake akamchoma kila siku bila kukosa, lakini binti aliendelea kukonda na neli yake haikuacha kuwa tofali. Mara mbili alibebwa akiwa hajitambui. Kila mwezi niliuliza, "Mzee, insulini mnaiweka mahali pa baridi?" naye akajibu, "Ndiyo, mama." Nami nikaweka alama ya vema kwenye kadi.

Mwezi mmoja Mzee Lemburis akaja na kifurushi. Miaka ile maduka ya dawa yalikuwa yakichipuka kila stendi, na mfanyabiashara mmoja alikuwa amempatia vichupa vidogo kutoka nje. Ndani mlikuwa na peptidi, yaani kipande kifupi cha protini, ambacho watafiti walikuwa wakikichunguza kama kinaweza kuliamsha kongosho. Mzee alikuwa tayari amemchoma binti yake kwa wiki tatu, pamoja na insulini.

Nikachemsha mkojo. Kijani. Nikarudia, nikidhani nimekosea. Kijani. Naserian mwenyewe alikuwa amenenepa mashavu, na kwa mara ya kwanza alinisalimia shikamoo kabla sijamsemesha.

Nitasema ukweli: nililia. Halafu nikafanya jambo ninalolionea haya hadi leo. Niliinua ile neli mbele ya wagonjwa wote kwenye benchi, nikasema, "Oneni. Dawa hii inafanya kazi."

Mzee Lemburis aliitikia kwa kichwa, taratibu. "Basi kongosho limeamka," akasema. "Mwezi ujao tunaiacha insulini. Mtoto amechomwa vya kutosha."

Nilijua kuiacha insulini kungemuua, lakini sikumkatalia palepale, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nimeinua neli. Nilimwomba tu asiache chochote mpaka nimwone Mganga Mkuu wa Wilaya. Akanipa na karatasi iliyokuja na vichupa.

Mganga Mkuu alikuwa mtu mrefu, mwenye tabia ya kusoma huku akitafuna karanga. Aliisoma karatasi yote, hata maandishi madogo ya chini ambayo mimi niliyaruka.

"Umeyaona haya?" akauliza. "Wenyewe wanakiri. Kazi kubwa wameifanya kwa panya, kisha kwa watu wachache, kwa muda mfupi. Hawasemi inaponya. Hawasemi mtu aache insulini. Wanasema wanaendelea kuchunguza. Panya wa maabara halali bomani wala hali makande."

"Lakini daktari, binti amepata nafuu. Nimepima kwa mkono wangu."

"Sikatai. Katika wiki zile tatu, mambo mangapi yalibadilika pale nyumbani?"

"Moja. Hii dawa."

"Umekwenda ukaona, au umekaa ukadhani?"

Akakunja karatasi, akanirudishia. "Nenda bomani kwanza. Ripoti utaandika ukirudi."

Kesho yake nikapanda lori lililokuwa likielekea mnadani, likaniacha njiani, nikamalizia kwa miguu. Mama yake Naserian alinipokea kwa maziwa. Nikamwomba anioneshe wanavyofanya, tangu kuchukua dawa hadi kuchoma sindano. Akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye kivuli, ambako palikuwa na mtungi uliofukiwa nusu katika mchanga uliolowa. Ndani yake, kwenye kopo lenye mfuniko, vile vichupa vilikuwa vimelazwa pamoja na insulini.

"Mtungi huu mnao siku nyingi?" nikauliza.

"Aa, yeyo," akasema, akiniita mama kwa lugha yao. "Wa jirani yetu Mzigua. Tuliuazima ilipokuja dawa mpya. Mwenye duka alisema isipokaa kwenye baridi itakufa, akatufundisha namna ya kufanya, nasi tukaitia na insulini humo."

"Na insulini kabla ya hapo ilikaa wapi?"

Akaingia ndani, akatoka na sanduku la bati. "Humu. Juu, karibu na paa, mbuzi wasifikie. Mlisema mahali pa baridi. Ndani ya nyumba si kuna baridi kuliko nje?"

Nikalipapasa lile bati. Lilikuwa la moto, ingawa lilitoka ndani ya nyumba. Insulini ikipata joto hufa polepole. Maji yake hubaki yaleyale, lakini nguvu yote imekwisha. Kwa mwaka mzima nilikuwa nikimpa Naserian dawa nzima, nayo ikafia darini. Kituoni tulizoea kusema "weka mtungini" kwa kuwa Wazigua wote wana mitungi. Wafugaji maziwa yao hukaa kwenye vibuyu na maji kwenye madumu, na mimi sikuwahi kuwauliza wana nini. Nilijionea aibu ambayo sina neno lake.

Mzee Lemburis aliporudi na ng'ombe nilimweleza yote, pamoja na kosa langu. Alikaa akichora chini kwa fimbo.

"Mama," akasema baadaye, "nikihamisha ng'ombe kwenye majani mapya, na siku hiyohiyo nikawapa magadi, wakanenepa. Nisifu majani au nisifu magadi?"

"Hapo ndipo tulipo, mzee."

"Basi unaondoa magadi, unaacha majani. Unatazama."

Sijapata kusikia mwalimu yeyote akilieleza jambo lile vizuri kuliko yeye. Tukakubaliana: insulini iendelee, ikae mtungini, na vichupa visimame mwezi mmoja. Naserian alikuwa akisikiliza mlangoni.

"Kwa hiyo sindano ni mpaka lini?" akaniuliza.

Ningeweza kumdanganya. "Siku zote, mwanangu. Mpaka watakapojua zaidi." Akageuka akaingia ndani, na baba yake akafuta kwa kiganja ile michoro aliyoichora.

Mwezi ulipoisha walikuja. Nilichemsha: kijani, tena iliyokaribia buluu kuliko ile ya kwanza. Safari hii sikuinua neli. Niliandika kwanza, kisha nikasimama mbele ya lile benchi, nikawaambia mwezi uliopita nilisema nisichokijua. Nikaeleza habari ya mtungi na sanduku la bati. Mzee mmoja wa Mkumbara, aliyekuja kukaa kwa mwanawe, akauliza, "Kwa hiyo ile dawa haifai?"

"Sijui kama inafaa, wala sijui kama haifai," nikamjibu. "Najua tu kwamba si yenyewe iliyomrudisha huyu binti."

Tangu siku ile, sikuuliza tena mgonjwa kama anaweka dawa mahali pa baridi. Niliuliza ana chombo gani nyumbani, na nilipoweza nilikwenda kukitazama.

Nimestaafu sasa, nakaa Korogwe. Vijana wa maabara wana mashine ndogo inayosoma sukari kwenye tone la damu kabla hujamaliza kupiga chafya, nami nawaonea gere. Ninachowaombea ni kuwa mashine isiwazuie kwenda kuona nyumba za watu.

Mzee Lemburis alitangulia mbele ya haki. Yule jirani Mzigua hakuudai mtungi wake, na Naserian alipoolewa alihama nao. Ana watoto wawili. Kila akija Korogwe kuchukua insulini hupita kwangu. Kuna kichupa kimoja ambacho baba yake alikataa kukitupa. Muda wake ulikwisha zamani, na hakuna anayethubutu kukitumia, lakini kimo bado mtungini, kando ya insulini. Tukimaliza kusalimiana huniuliza habari za wale watafiti kwa neno moja tu.

"Bado?"

"Bado, mwanangu," humjibu.

Anatikisa kichwa, anamaliza chai yake, anaifunga insulini kwenye kitambaa kilicholowa, na kuwahi basi kabla jua halijawa kali.