Makaa ya Shisha ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu aliporudi kutoka Ghuba, sanduku lake lilikuwa jepesi kuliko alivyoondoka nalo. Katikati ya nguo, kikiwa vipande vipande na kimefungwa kwa taulo, kulikuwa na chombo cha shisha. Mama alikitazama akauliza kama ni taa.

Alikuwa amekaa huko muda wa kutosha bintiye kujifunza kutembea, kusema na kusoma bila yeye. Mtoto alimwita nyanya yake "mama". Mimi aliniita "tata", kama Wagikuyu tunavyowaita dada za mama zetu. Yule aliyemzaa alimwita "anti", jina la mwanamke yeyote anayekuja na biskuti. Wiki ile ya kwanza nilijua kwamba hilo lisipobadilika, mdogo wangu ataondoka tena, na safari hiyo hatarudi. Ajenti aliyempeleka huko kwa kazi za ndani bado alikuwa akimpigia simu. Mimi nilitaka abaki. Mwaka ule sikuwa na ombi lingine kwa Mungu.

Lakini utamzuiaje mtu asiyesema? Tunasema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Yeye alijipa mwenyewe siku ya kwanza. Aliamka kabla ya jogoo, akafagia uwanja, akaosha vyombo visivyo vichafu, na ukimuuliza Ghuba kulikuwaje, alijibu, "Ni sawa tu." Wanawake wa kanisa la Mama walikuja wakaimba, wakaomba, wakanywa chai, wakaenda zao wakisema amenenepa. Hakuwa amenenepa. Watu wetu wakikosa la kusema husema umenenepa, na siku ile niliwachukia wote.

Julai ikaingia na baridi yake ya Nyeri, ukungu umelalia migomba hadi saa sita mchana. Jioni moja aliunganisha kile chombo jikoni, akaweka makaa kwenye jiko. Shisha imepigwa marufuku nchini, kwa hivyo nilikimbilia kufunga mlango na dirisha. Ningefunga hata kama si shisha. Kwetu majira ya baridi jiko huingizwa ndani, mwanya wa chini ya mlango huzibwa kwa gunia, watu wakaota moto hadi vichwa viwagonge, kisha wakasema ni homa ya Julai. Mdogo wangu aliinuka akafungua vyote viwili.

"Ati unataka tukufe na baridi?" Mama akauliza.

"Mama, baridi haiui haraka." Alirudi akaketi. "Huko tulikuwa tunalala room moja na msichana mwingine wa huku Kenya. AC ya hiyo nyumba ilikuwa inatuumiza. Siku moja akachukua makaa ya shisha ya wenyewe, ile ilikuwa imebaki na moto, akaweka kwa karai, akafunga dirisha. Mimi nilikuwa kwa sebule, nawekea wageni makaa. Kurudi nikampata ako tu hivyo, hapumui."

Hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote niliyomsikia akisema tangu arudi. Aliyasema akigeuza kaa kwa koleo, macho kwenye moto. Nikaamua papo hapo kwamba dawa yake ni ile shisha. Akiwa na makaa mkononi anasema, basi makaa hayatakosekana.

Sikujua kwamba makaa yana tabia kama watu. Gunia tulilokuwa nalo lilikuwa la muthanduku, ule mti wa haraka tunaopanda mipakani mwa mashamba. Kupikia githeri hauna neno. Kwenye shisha ni aibu: ulirusha cheche, ukatoboa karatasi ya foili inayofunika tumbaku, na moshi ukanuka nywele zilizoungua. Mimi ni msusi, harufu hiyo naijua. Nikatafuta vile vidonge vyeusi vinavyowashwa kwa kiberiti, vikanuka baruti. Nikajaribu makaa ya maganda ya mpunga kutoka Wang'uru. Yaliwaka kwa mwendo wa ofisi za serikali na kuacha majivu mengi kuliko moto.

Sokoni nikampata mama anayeuza makaa ya mgunga kutoka upande wa Doldol. Aligonganisha vipande viwili karibu na sikio langu, vikalia kama chuma.

"Hii hairuki," akasema. "Kwani unapikia nini?"

Nikamwambia nyama. Lakini mgunga nao ulikuwa mkali mno, ukaunguza tumbaku kabla hatujamaliza hadithi moja.

Mwishowe ni Mama aliyetoa makaa yaliyofaa. Alikuwa ameng'oa miti ya kahawa ya marehemu baba, akavichoma visiki chini ya udongo, na makaa yake yalikuwa madogo, mazito, yasiyo na harufu yoyote. Alinijazia karai akaangalia pembeni. Kwa mwanamke wa kanisa kama yeye, hilo lilikuwa jambo kubwa. Na yeye alitaka binti yake abaki.

Kuanzia hapo, kila nilipofunga saluni niliwahi nyumbani. Mdogo wangu alikuwa na utaratibu wake. Kaa lilingojwa hadi lifunikwe na jivu jeupe pande zote, kwa sababu likibaki na weusi linapanda kichwani. Alilipuliza, akaligonga taratibu ukingoni mwa jiko majivu yaanguke, akayapanga yale makaa pembeni mwa kikombe cha udongo kinachobeba tumbaku juu ya chombo, kamwe si katikati. Kisha alifuta mdomo wa bomba kwa kitambaa safi, akanipa. Nilikohoa siku za kwanza, baadaye nikazoea. Nilidhani ananipa heshima ya mkubwa.

Mama alikaa nasi sebuleni akifuma. Mtoto alifanyia kazi yake ya shule kwenye kona ya meza. Na mdogo wangu alisema, kidogo kidogo. Alituambia juu ya watoto wa ile nyumba, jinsi walivyokataa kula mpaka awalishe yeye, na jinsi yule wa mwisho alivyomshika gauni siku anaondoka. Nilimtazama mtoto wetu pale mezani nikiomba awe anasikiliza. Nilianza kuamini kwamba tunafika. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, lakini mtu anayekimbia hauoni ukingo.

Siku moja nilimpelekea bomba nikasema, "Vuta na wewe, mbona unanipa tu?"

Alirudisha mkono nyuma. "Mimi situmii, dada. Mimi ni wa makaa."

Nikamtazama vizuri. Alikuwa kwenye kigoda kifupi, magoti pamoja, koleo mkononi, macho kwenye kile kikombe. Kumbe hakuwa amevuta hata mara moja. Mimi ndiye nilikuwa nimeketi kwenye kochi, miguu nimenyoosha. Nikaishusha. Kabla sijainuka, mtoto akaniwahi. Hakuinua kichwa kutoka kwenye daftari lake.

"Anti, makaa imeisha. Leta ingine."

Yalikuwa maneno yangu ya kila jioni, kwa sauti yangu kabisa, hata kile kikohozi kidogo cha kutangulia.

Mdogo wangu alikuwa ameshasimama. "Sawa, madam," akasema.

Hakuwa anatania. Mama aliangusha sindano zake, akamkemea mtoto: "Huyo ndiye mama yako! Mwambie pole!" Mtoto akatutazama mmoja mmoja, akaanza kulia, akakimbia kujificha nyuma ya sketi ya Mama.

"Mwacheni, hajakosea," mdogo wangu akasema, akiweka makaa mapya pembeni, vizuri, kama kawaida.

Asubuhi yake alimpigia ajenti. Nilimsihi hadi nikaona haya. Nilimwambia tutatupa kile chombo, nitamfunza kusuka, tutafanya kazi pamoja, mtoto atazoea. Alinisikiliza hadi mwisho. Alikuwa na subira ambayo sikuipenda, kwa sababu nilijua ameifunzwa wapi.

"Dada, watoto wa wenyewe wakilia walikuwa wananiita mimi," akasema. "Huyu wangu akilia anaita Mama. Kama ni kuwa mfanyakazi, afadhali nikuwe kwa nyumba ya wengine."

Nililia mbele yake, na yeye ndiye aliyeniletea maji.

Aliondoka siku ya shule, mtoto akiwa darasani. Aliomba mwenyewe iwe hivyo, ili mtoto asilazimishwe kumkumbatia. Mtoto aliporudi alitafuta chumba hadi chumba, kisha akauliza kama anti ameenda kwao. Mama, ambaye sijawahi kumsikia akimdanganya mtoto, alimjibu ndiyo.